Malalamiko kuhusu Safari ya Yellowstone

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUTOTIMIZWA KWA MAKUBALIANO YA SAFARI YA HIFADHI YA TAIFA YA YELLOWSTONE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mama yangu mzazi, aliyefika Marekani kunitembelea akitokea Tanga, tulilipia safari yenu ya mwezi Julai kwa sababu ratiba mliyotutumia ilieleza waziwazi kwamba tungelala Old Faithful Inn, hoteli ya magogo na mawe iliyosanifiwa na Robert Reamer na kufunguliwa mwaka 1904. Bei yenu ilikuwa juu kuliko ya wengine, nasi tuliikubali kwa ajili ya hoteli hiyo.

Tulilazwa katika mji wa West Yellowstone, nje kabisa ya hifadhi, umbali wa takriban kilomita 50 kutoka hoteli hiyo. Kiongozi wa msafara alisema vyumba vilikuwa vimejaa. Maelezo hayo hayaniridhishi hata kidogo, kwani hoteli ile hufungwa majira ya baridi na nafasi zake huchukuliwa miezi mingi kabla, jambo ambalo kampuni inayouza safari za huko haiwezi kudai kwamba haikulijua ilipopokea fedha zetu.

Kilichoniuma zaidi ni cha siku iliyofuata. Tuliingizwa hotelini humo kama wapita njia, na mama alikuwa ndiyo kwanza ameinua uso kutazama dohani kubwa ya mawe na matawi yaliyopindapinda yanayoshikilia roshani, mara tukahimizwa kurudi kwenye basi. Saa ambayo chemchemi ya Old Faithful ilitarajiwa kurusha maji ilikuwa imebandikwa pale pale, na zilibaki kama dakika 20 tu. Chemchemi hiyo hurusha maji ya moto zaidi ya mita 30 kwenda juu, kwa wastani wa kila dakika 90 hivi, na wahifadhi huikadiria kwa kuangalia mlipuko uliotangulia ulidumu muda gani. Ratiba yoyote makini ingeweza kupangwa kuifuata. Nilimwomba kiongozi asubiri, akajibu kwamba tungeitazama kwenye simu. Kisha tukapelekwa kwenye duka la zawadi mjini, tukakaa huko zaidi ya saa nzima.

Mama ana umri uliopita miaka 70, na safari ya kutoka Tanga hadi Wyoming si ya kurudiwa kila mwaka.

Kwa hiyo naomba mturudishie tofauti ya gharama ya malazi pamoja na malipo ya siku hiyo ya pili, mnieleze kwa maandishi ni nani aliyebadilisha ratiba na kwa nini hatukuarifiwa kabla ya kuondoka, na muache kuitangaza hoteli hiyo katika safari ambazo hamjathibitishiwa vyumba. Nimeambatisha nakala za risiti na ratiba ya awali. Nategemea majibu yenu ndani ya siku 14, na nisipoyapata nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji.

Wenu mwaminifu,

Mteja