Barua ya malalamiko: programu yenu inatutangazia nakala rudufu ambazo hazipo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KASORO KATIKA PROGRAMU YA KUPELEKA UJUMBE KATI YA LINUX NA MEINFREMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunatumia programu yenu kuanzisha nakala rudufu za usiku. Mpangilio wetu si wa ajabu: seva za Linux zimo ndani ya meinfremu (kompyuta kubwa ya IBM), chini ya z/VM, programu inayoendesha mifumo mingi ndani ya mashine moja, na diski zake hunakiliwa na kazi inayoendeshwa upande wa z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu yenyewe. Linux inatakiwa isimamishe uandishi, itume ujumbe wa kuanza, ingoje jibu, ndipo iendelee na shughuli zake. Hatukuinunua kwa jambo lingine lolote.

Kasoro ilijitokeza tulipofanya jaribio la kurejesha data. Diski ya hifadhidata haikuwa na nakala ya kufaa, ilhali logi ya Linux imeandika IMEFANIKIWA usiku baada ya usiku. Tulipofungua logi ya z/OS tukakuta kazi hiyohiyo imeishia na namba 8, maana yake kuna sehemu ya unakili haikufanyika.

Tukalichunguza jibu lenyewe, baiti kwa baiti: D9 C3 7E F0 F8. Yeyote aliyezoea meinfremu atawasomea papo hapo kwamba hiyo ni RC=08, yaani ile namba 8 ya kumalizia kazi, katika EBCDIC, mfumo wa meinfremu wa kuandika herufi kwa namba. Programu yenu hugeuza herufi za ujumbe unaokwenda, lakini jibu linaloletwa huliacha lilivyo. Kisha hulipekua kwa ASCII, mfumo wa herufi wa upande wa Linux, ikitafuta 52 43 3D (yaani "RC="), na bila shaka haiambulii kitu. Kwa kuwa haikuona neno la kosa, inahitimisha kwamba mambo ni shwari. Kusahau kugeuza herufi ni kosa la kiufundi na hutokea. Lakini ni nani huko kwenu aliyeamua kwamba jibu lisilosomeka lihesabiwe kuwa jibu zuri?

La pili halina nafuu. Mfumo wa faili tunaugandisha kwa fsfreeze, amri ya Linux ya kusimamisha uandishi, ili data iliyobaki kwenye kumbukumbu ishuke diskini kabla ya kunakiliwa, maana z/OS huisoma diski kutoka nje na haijui Linux bado imeshikilia nini. Programu yenu huufungua mfumo wa faili mara tu meinfremu inapokiri kupokea ujumbe. Kupokea, si kumaliza! Wakati huo unakili ndiyo kwanza unaanza. Hifadhidata inaendelea kuandika huku diski inasomwa, na matokeo yake mwanzo wa nakala ni wa wakati mmoja na mwisho wake ni wa wakati mwingine. Nakala ya namna hiyo hata ikiisha na namba 0 haiaminiki.

Fundi wenu alitushauri tuongeze muda wa kusubiri. Muda upi? Kazi ya kunakili huchukua muda tofauti kila usiku kulingana na foleni na ukubwa wa data. Kama tungetaka kukisia saa tungeandika skripti ya mistari michache yenye sleep (amri ya kungoja muda uliopangwa) ndani yake, wala tusingelipia leseni.

Tunachotaka ni sasisho ambalo litageuza majibu kwa jedwali la herufi tunalolichagua wenyewe (IBM-037 na IBM-1047, majedwali mawili ya EBCDIC, hazifanani hata kwenye mabano ya mraba, kwa hiyo msitukisie), litakalotenganisha "imepokelewa" na "imekamilika", na litakalohesabu ukimya au jibu lisilosomeka kuwa ni kushindwa, kisha limwamshe mtu. Pia tunataka turejeshewe ada ya matengenezo ya kipindi chote ambacho kasoro hii ilikuwepo. Logi za pande zote mbili tumeziambatisha.

Kwa sasa tumeizima programu yenu. Kazi tunazituma JES (sehemu ya z/OS inayopokea na kupanga kazi) kwa FTP, njia ya kuhamisha faili, tukiweka FILETYPE=JES, na matokeo tunayasoma wenyewe kabla ya kufungua mfumo wa faili. Ni njia ya kizamani, ila haitudanganyi. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yatoke kwa mtu anayeifahamu programu na si dawati la mapokezi. Baada ya hapo tutasitisha mkataba.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mifumo