Hausigeli wa kwenye tamthilia ana kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzetu wanaotunga tamthilia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni hapa Mlandege nasubiri zamu ya kusukwa. Kwenye runinga akatokea hausigeli. Kabla hajafungua mdomo nilishajua wamemtoa mkoa gani: kilemba kimeenda upande, kanga imefungwa kifuani, kandambili kila mguu na rangi yake. Akasema "Kamwene!", salamu ya huku kwetu Iringa, sahani ikamponyoka, mama mwenye nyumba akamporomoshea matusi, na saluni nzima tukaangua kicheko. Nasema tukaangua kwa sababu na mimi nilicheka. Binti aliyekuwa akiosha nywele za mteja wa mbele yangu hakucheka. Ni wa Kilolo, karudi kutoka Dar mwaka huu huu. Aliendelea kumimina maji kichwani kwa yule mama mpaka birika likaisha, na bado akawa ameliinamisha.

Nami nilikuwa dada wa kazi Dar miaka sita. Nililala stoo, kichwa kwenye gunia la mchele. Mshahara niliuona mwezi wa nne, kabla ya hapo ulikuwa ukipitia kwa shangazi aliyenipeleka. Hata hivyo, kwa hela hiyo mama alinunua mbolea ya nyanya, mdogo wangu akamaliza kidato cha nne, na nyumba ya nyumbani ikaezekwa bati 28. Nazijua idadi maana nilizinunua mbilimbili.

Sasa huyo wa kwenye runinga mama yake yuko wapi? Sijawahi kumwona akipiga simu kwao. Kazi yake ni kudondosha sahani, kuiba, au kumnasa baba mwenye nyumba. Sikatai, wezi wapo na walioharibu ndoa za watu wapo. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na katika tamthilia zote nilizotazama, sijaona hata moja ambayo mtu anamuuliza hausigeli ana miaka mingapi.

Wala si kwamba Kiswahili kimeshindwa kusimulia habari za msichana. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa ni binti wa kijijini Ukerewe. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na kuanzia hapo kitabu hakimwachi: tunakwenda naye shule, tunakwenda naye chuo, akipotea tunapotea naye. Kuna wakati kilipigwa marufuku shuleni, kisha kikarudi. Niliazimwa na mwalimu mmoja, mteja wangu, na siku hiyo gauni la watu halikuisha. Mtunzi ni mwanaume, na haikumzuia.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari za Toni Morrison, Mmarekani mweusi, ambaye riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1970, inamhusu mtoto mweusi wa Ohio anayemwomba Mungu ampe macho ya bluu ili naye aonekane mzuri. Mwaka 1993 mama huyo akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Nilimwambia mwalimu, huyo mtoto mbona namjua, hapa kwetu anaomba kwa mkorogo. Na tamthilia zinamjibu maombi yake: binti wa bosi mweupe, hausigeli mweusi, na siku hausigeli akipendwa na kijana wa geti kali, kipindi kinachofuata keshapakwa poda ya rangi isiyo yake.

Mtunzi anayetaka kumjua binti huyu aje stendi ya Igumbilo alfajiri, mabasi ya Dar yakipakia. Avae koti. Atawaona na mifuko yao ya shangazi kaja, wengine wamesindikizwa na mama, wengine na mtu wasiyemfahamu vizuri. Mmoja niliyemkuta mwezi uliopita alikuwa na namba ya simu ya bosi wake kiganjani, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Baridi yote ile, lakini mkono aliuacha wazi nje ya kanga, asije akatoa jasho ikafutika.

Fundi cherehani,
Mlandege, Iringa