Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: tupe hati ya kulilinda bonde letu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizozipeleka kwa mkono wangu zilipokewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo sijajibiwa hata moja. Nilikuwa tayari kuandika ya nne kwa utaratibu ule ule. Lakini usiku wa kuamkia Jumatano gari mbili za kifusi ziliteremka bondeni kwetu na kumwaga mzigo katikati ya kinamasi. Asubuhi nilikwenda na jembe langu, nikakuta vigae, saruji iliyoganda, na kandambili ya mtoto imekaa juu ya miwale iliyolazwa. Kambare walikuwa wakipapatika kwenye tope.

Nilikwenda kulalamika. Nikaambiwa, "Mama, mwenyewe ana karatasi zake." Ni kweli anazo. Kaka yangu aliuza fungu lake la mirathi kwa mtu wa mjini, na siwezi kumlaumu, alikuwa na mgonjwa. Mimi fungu langu sikuuza. Nimeletewa pesa mara mbili nikakataa. Sasa niambie, Mheshimiwa, kukataa kwangu kumenisaidia nini? Kinamasi ni kimoja. Ukikijaza upande wa juu, wa chini unakufa hata kama mwenyewe amekataa kuuza.

Marehemu baba alitufundisha kwamba kile kinamasi ndiyo tangi letu. Mvua za masika zikishuka, kinazipokea na kuziachia polepole, ndiyo maana visima vyetu havikukauka hata kiangazi. Maji matamu yakiwa mengi chini ya ardhi yanaizuia bahari isiingie. Tangu walipoanza kujaza kule mwanzo wa bonde, mwaka juzi, kisima changu kimebadilika. Ndoo ya kwanza niliyoionja niliitema. Huenda ni kifusi, huenda bahari nayo imepanda, sina chombo cha kupimia. Ninachokijua ni kwamba mpunga wangu uligeuka manjano kwenye ncha, kisha majani yakakauka hadi chini, na msimu ule nilivuna polo mbili mahali nilipozoea tisa. Wajukuu wangu sasa wanachota maji kwa jirani, na jirani naye ameanza kuchoka.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulifika. Ulivaa buti, ukasimama kwenye tuta, ukatwambia kinamasi hakitaguswa na kwamba utaratibu wa kuwalinda wenye mashamba uko njiani. Tulikupigia makofi, mimi nikiwa mbele. Masika mawili yamepita.

Tunachokiomba si kigeni. Marekani mkulima mwenye kinamasi shambani mwake anaweza kuwekeana hati na serikali, ya miaka 30 au ya milele. Shamba linabaki lake, ataliuza akitaka, watoto watalirithi, ila hakuna atakayeruhusiwa kulikausha wala kulijaza, awe yeye au atakayenunua. Na serikali inamlipa kwa haki aliyoiacha. Kenya waliiweka hati ya namna hiyo katika sheria yao ya mazingira tangu 1999. Nasi Waislamu tunaijua wakfu: mali ikishafungwa haiuzwi wala hairithiwi. Hii ni nyepesi kuliko wakfu, kwa sababu mwenyewe bado analima na anarithisha. Kinachofungwa ni yale maji tu.

Usiniambie ardhi ya mtu haiguswi. Kwa sheria yetu ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma na sisi tumepewa haki ya kuitumia. Anayetoa haki anaweza kuiandikia sharti. Na kulipa kwa ajili ya uhifadhi si jambo geni visiwani: wakulima wanaopakana na msitu wa Jozani, kule Unguja, wamekuwa wakipata sehemu ya fedha za watalii kwa sababu kima punju wanakula mazao yao. Hapa Pemba, Kidike, wanakijiji wamewalinda popo wetu, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwa hiki, na wageni wanalipa kuja kuwaona. Kama popo na kima wamepata watetezi, kwa nini maji ya kunywa yakose?

Wazee wa Unguja wanajua kwa nini Darajani inaitwa Darajani. Palikuwa na daraja, na chini yake mkono wa bahari ukipita kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, hadi ulipofukiwa. Na kila aliyewahi kukwama Mwanakwerekwe siku ya mvua kubwa anajua kwamba maji huyakumbuka makao yake. Wanaojenga juu ya bonde letu leo watakuja kwako kuomba mahema. Na wewe utawapa, kwa sababu ni wananchi.

Sikuombi umnyang'anye mtu haki yake. Sikuombi hata unilipe. Wengine walipwe, mimi nitaweka saini bure. Naomba hati. Hati yenye muhuri inayosema kinamasi hiki hakijazwi, leo wala atakapokuwa mwengine ndiye mwenyewe, na mipaka yake iwekwe vigingi ili dereva wa gari avione hata usiku. Naomba hati kwa fungu langu kwanza, ili nikifa wanangu wasishawishiwe kama alivyoshawishiwa kaka yangu. Kisha nendeni kwa yule aliyenunua mkazungumze naye, mumfidie kama inabidi, kabla hajamaliza.

Nilimuuliza dereva amebakisha nini. Alinijibu kwa adabu, kijana wa watu, kwamba bado safari kumi na moja.

Wako katika kusubiri,

Mkulima wa mpunga,
Mkoa wa Kaskazini Pemba