Barua kwa wazazi: daftari la picha linalokuja nyumbani

Lubumbashi, mwisho wa muhula wa kwanza

Wazazi na walezi wapendwa,

Jambo kwenu nyote. Buletini mmezipokea, kwa hiyo matokeo sitayarudia. Nataka kusema juu ya daftari lenye picha ambalo kila mtoto wa darasa la tatu na la nne wa shule yetu ya viziwi amebeba leo. Tafadhali, lisilale mkobani mpaka Januari.

Wengi mmeniuliza kwa nini mtoto mwerevu, anayejua bei ya kila kitu sokoni, anashindwa kuandika mistari mitatu. Mtoto anayesikia huingia shule akiwa na Kiswahili kinywani. Anabaki kujifunza herufi za maneno anayoyajua. Mtoto kiziwi mara nyingi hukutana na neno kwa mara ya kwanza ubaoni. Anajifunza lugha na maandishi yake kwa wakati mmoja, huku lugha ya ishara anayofikiria nayo ikipanga mambo kwa namna nyingine kabisa. Akili yake haina upungufu.

Ndiyo sababu walimu walianza na picha. Mtoto anapiga picha, anaieleza kwa ishara, wenzake wanamuuliza maswali, ndipo anaandika. Kijana mmoja (yeye na baba yake wameniruhusu kusimulia) alileta picha ya baba akitoka kuchukua makala, yaani makaa ya kupikia. Aliandika: "Baba baiskeli makala." Mwalimu hakufuta. Alimuuliza kwa ishara: baba ameipanda? Mtoto akakataa, akainamisha mgongo, akashika usukani hewani. Wakalitafuta neno pamoja. Sasa daftari linasema: "Baba anasukuma baiskeli ya makala. Matope ni mengi. Mimi nilisukuma nyuma." Sentensi ya mwisho haimo pichani, maana yeye ndiye aliyeshika simu. Ameitoa moyoni mwake, akaiandika. Nilifurahi sana.

Njia hii ina wenyewe. Mpiga picha Wendy Ewald aliikuza na walimu wa Durham, Marekani, na walimu wa Arusha nao wameitumia. Mji wetu pia una watu wa picha: Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, ni mmoja wa walioanzisha mwaka 2008 maonyesho ya Picha, yanayojulikana leo kama Biennale ya Lubumbashi.

Likizoni, mpeni mtoto simu kidogo. Uyoga unaouzwa kando ya barabara, maembe, bibi akisonga bukari (ugali): picha moja kwa siku yatosha. Asiye na simu, achore. Kisha muulizeni: nani huyu? Anafanya nini? Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hii vizuri kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza na kungoja jibu. Msimwandikie, wala msihangaike na makosa, hayo tuachieni.

Wasipige picha askari, vizuizi wala migodi. Mtu aombwe ruhusa kwanza. Na picha ya mtoto isiwekwe WhatsApp kama yeye mwenyewe hajakubali.

Masomo ya ishara kwa wazazi yataendelea Jumamosi asubuhi tukifungua, bila malipo. Akina baba, bado mko wachache mno. Watoto wenu wana mengi ya kuwaambia, njooni.

Mkuu wa shule