Dakika ishirini hazitoshi Vibambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wapangaji wa safari za kitalii, pamoja na walimu wenzangu wa Kiswahili, jambo lililonikera mwezi uliopita nilipowapeleka Tanga wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.

Sisi tunatoka Mpwapwa, na safari hiyo tulikuwa tumeingoja kwa hamu. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha Pangani tangu mwaka 1926, alihamishiwa huku kwetu mwaka 1944 akatumikia idara ya mifugo kwa miaka miwili hivi, kwa hiyo wanafunzi walitaka kuona alikotoka mtu ambaye huenda babu zao walipishana naye sokoni. Lakini kampuni tuliyoikodi ilitupangia asubuhi nzima kwenye mapango ya Amboni, mchana kwenye magofu ya Tongoni, kisha dakika ishirini za Vibambani, alikozaliwa mshairi huyo tarehe 1 Januari 1909. Nilipolalamika, mwongoza wageni wetu alinijibu kwa upole kwamba pale hakuna cha kuona.

Sina ugomvi na Amboni wala Tongoni. Hata hivyo, jibu lile linaonyesha kwamba tumezoea kukipima kila kituo cha safari kwa ukubwa wa mawe yake, ilhali anayekwenda kijijini kwa mshairi hafuati mawe, anafuata maneno. Na maneno tuliyapata, tena kwa bahati tu, kwa sababu basi lilichelewa kuwashwa.

Kando ya njia, mzee mmoja alikuwa akifua nazi. Alikuwa amesimika kifuo chake ardhini, anaikita nazi kwenye ncha yake, anaizungusha kidogo na kuikandamiza, mara kumbi limeachana na kifuu. Msichana mmoja katika kundi langu, ambaye hupata alama za juu katika mtihani wa fasihi, aliniuliza kwa sauti ya chini kile kijiti kinaitwaje. Mzee alimsikia. Akaacha kazi, akamtajia kifuo, kisha akaanza kutufundisha hatua za tunda lenyewe: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Aliokota kitale kilichoanguka akatuonyesha kwamba hakina nyama bado, akatikisa koroma karibu na sikio la mwanafunzi mwingine ili asikie maji. Watoto wa bara, ambao kwao nazi ni ile inayofika sokoni ikiwa imekwisha kufuliwa, walikuwa wanaandika kwenye viganja vya mikono kwa sababu madaftari yalibaki ndani ya basi. Nimefundisha tungo za Shaaban Robert kwa miaka kumi na minne, na sikumbuki kipindi kilichonyamaza kama kile.

Honi ikapigwa. Machui hatukufika, ingawa ni jirani kabisa na ndiko alikozikwa mwezi Juni mwaka 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Wanafunzi wengi, na nakiri hata baadhi yetu walimu, huvichanganya vijiji hivi viwili, wakadhani alizaliwa na kuzikwa mahali pamoja.

Ombi langu kwa wapangaji wa safari ni dogo: nusu siku kwa Vibambani na Machui, na mwenyeji mmoja wa pale alipwe ujira wake ili azungumze na wageni kwa Kiswahili cha kwao, badala ya kuwaachia kazi hiyo watu wa mjini waliokariri tarehe. Kwa walimu naongeza kwamba tusiwapeleke watoto mikono mitupu. Utenzi aliomtungia binti yake, au maombolezo ya mkewe Amina, yasomwe palepale chini ya minazi kwa sauti na kwa mahadhi, na anayekwama kwenye neno awaulize wenyeji kabla ya kufungua kamusi.

Mwakani tutakodi gari letu wenyewe. Yule mzee amekwisha kuniagiza nisimletee tena watoto wasiojua kutofautisha kitale na koroma, nami nimeanza kuwasikiliza kila Ijumaa baada ya vipindi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mpwapwa, Dodoma