Asante mzee wa njia ya Urambo

Mzee wangu uliyenikuta nasukuma baiskeli yenye gunia la mpunga njia ya Urambo, nje kidogo ya Tabora, shikamoo na asante sana. Jina sikuuliza. Habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa kila ikikazwa inalegea, na mafundi wote walikuwa wanakomaa na nati za nje tu. Wewe ulifungua mpaka ndani, ukafuta gololi, ukapaka grisi. Ukairudisha koni, ile nati ya ndani inayozibana gololi, taratibu, ukitikisa gurudumu mpaka lisicheze wala lisizunguke kwa uzito. Kisha ukaishika koni kwa spana nyembamba isigeuke, ndipo ukaikaza nati ya pili juu yake. “Zibanane zenyewe,” ukasema. Kumbe! Pesa ukakataa. Ukipita Ipuli, chai ipo.