Mama, usiiite chuma chakavu

Isevya, Tabora
Novemba

Mama yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, goti langu tu ndilo linalolalamika kila wingu likitanda. Mvua ya kwanza imepiga juzi usiku, maembe yameanza kudondoka kule nyuma ya choo, na watoto wa jirani wanaruka ukuta kuyaokota wakidhani sioni.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya bunduki ya babu yako, kwa sababu simu haikutosha. Ulisema, "Baba, hicho chuma chakavu kiuze au kipeleke polisi tupumue," halafu mtandao ukakatika nikabaki na jibu mdomoni.

La kaka yako nilimalize kwanza. Eti amepata mtu wa kuinunua kimya kimya, mwenye hela mkononi. Nimemwambia silaha haiuzwi kama jogoo wa mnadani. Leseni ni ya jina langu, na bunduki ina namba iliyogongwa kwenye chuma. Kila uhakiki ukiitishwa, askari anaisoma namba hiyo akiifuata kwa kidole. Ikitumika vibaya huko iendako, atakayegongewa mlango ni mimi. Kaka yako amenuna, ataacha mwenyewe.

Sasa turudi kwenye chuma chakavu.

Babu yako aliipata Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa karanga, Kongwa, Nachingwea na huku kwetu Urambo. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita, wakang'oa miyombo kama mtu anayenyonyoa kuku. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Babu alikuwa msaidizi wa fundi makanika mmoja wa Kiingereza, na yule bwana alipofunga mizigo yake alimwachia vitu viwili: sanduku la spana na bunduki. Spana zilifika nyumbani siku ile ile. Bunduki ilikwenda kituoni kungoja kibali, na kibali kilitoka mwaka 1962, Uhuru umeshapatikana. Babu alikuwa akisema ameoa, amezaa watoto watatu na amemzika baba yake, bunduki bado iko lupango.

Ilipotoka, watu waliicheka. Unyamwezini wamezoea bunduki yenye kishindo: gumegume za enzi za misafara, magobore ya kushindilia ambayo ukifyatua moshi unakufunika hata humwoni uliyemlenga. Mtemi Isike, hapa hapa Tabora, Januari 1893, Wajerumani walipolivunja boma lake, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kutiwa mikononi mwao. Sasa wajukuu wa watu hao wanaletewa kabunduki kanakolia kama kofi. Wakamwuliza babu kama ni ya mtoto.

Hawakukosea sana. Huko ilikotoka, bunduki za namna hii ndizo vijana walizojifunzia shabaha. Ukiitazama juu ya chemba, pale risasi inapokaa, utaona bunduki tatu zilizoegemezana. Hiyo ni nembo ya BSA, kiwanda kilichoanzishwa na mafundi bunduki wa Birmingham mwaka 1861. Unaikumbuka baiskeli ya mjomba, ile iliyokuwa ikikuchuna mashavu ya miguu? Nembo ilikuwa hiyo hiyo. Baiskeli, pikipiki na bunduki vilitoka kwa watu wale wale, na ukivishika unasikia: kila kipande kimetengenezwa ili fundi aweze kukifungua.

Kinachofunga risasi kinaitwa komeo, jina lile lile la mlangoni, na kazi yake haina tofauti kubwa na ya komeo la choo chetu. Unainua mkono wake, unavuta nyuma, unaweka risasi moja kwa vidole, unasukuma mbele, unalaza chini. Magazini ya kubebea risasi nyingine haina. Ukikosa, unaanza upya, na kware ameshafika Sikonge. Zipo za Kimarekani, Winchester 67 kwa mfano, ambazo hata ukishafunga komeo bado hazijakoki, yaani haziko tayari kufyatuka, mpaka uvute kwa mkono kirungu kilicho mkiani. Mtu mwenye haraka hazimfai. Kaka yako hazimfai.

Risasi yake ndiyo iliyonishangaza tangu utotoni, nikaja kuielewa ukubwani. Gobore lina fataki yake, ile inayowasha baruti, nje, unaiona. Risasi za bunduki kubwa zina fataki katikati ya kitako, kama kitovu. Hii yetu ya .22, ndio upana wake kwa inchi, kitako chake ni kitupu. Unga wa fataki umefichwa ndani ya ukingo, ule upindo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda. Pini ya komeo inaubana ukingo dhidi ya chuma cha chemba, unga unawaka, baruti inashika. Ili ukingo ubonyee, lazima ganda liwe jembamba. Ganda likiwa jembamba, baruti haiwezi kuwa nyingi, maana litapasuka. Baruti ikiwa kidogo, bunduki haipigi bega, haipigi kelele, na mtutu hauchoki. Umeona mambo yanavyoshikana mikono? Ukishaujua ukingo ule, bunduki nzima umeijua.

Mfaransa Flobert ndiye aliyeanza, mwaka 1845, kwa virisasi vya kulengea shabaha. Smith & Wesson wa Marekani wakavikuza mwaka 1857, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa hii tunayotumia sisi, .22 Long Rifle, kichwa chake cha gramu mbili na nusu hivi. Tangu hapo Tabora imetawaliwa na Wajerumani, ikachukuliwa na Wabelgiji mwaka 1916, ikashikwa na Waingereza, ikawa yetu; na risasi iliyotoka kiwandani juzi bado inaingia kwenye bunduki ya babu yako bila kubisha hodi. Nitajie kitu kingine nyumbani kwako kinachoweza hivyo. Simu yako ya mwaka juzi hata chaja umeshabadilisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kukueleza, kwa kuwa ni aibu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Babu alikwenda kupeleka tumbaku, mimi nikaichukua. Risasi haikuwamo, hilo nilihakikisha, nikajiona mwerevu kabisa. Nikakaa chini ya mwembe mchana mzima nikiwaua kunguru: nakoki, nalenga, tak. Nakoki, nalenga, tak. Niliwaua wote, na wote wakaruka zao jioni kwenda kulala.

Kesho yake babu anaweka risasi, haizami. Anaisukuma kwa dole gumba, inazama kwa shida. Anafyatua, ganda linagoma kutoka. Hakuuliza nani. Alitoa komeo, akaingiza ukucha wa kidole cha mwisho, akaupitisha taratibu kwenye ukingo wa chemba. Kisha akanishika mkono akaingiza kidole changu mimi. "Sikia," akasema. Nikasikia kinundu, kidogo kama chenga ya mchele. Kumbe bila ganda la kupokea pigo, pini ilikuwa inagonga chuma cha chemba chenyewe, siku nzima, pale pale, mpaka chuma kikasukumwa ndani. "Hicho ni wewe," babu akasema. Fimbo sikuchapwa. Ingekuwa nafuu.

Tukapanda treni kutoka Urambo kuja Tabora, bunduki imefungwa kwenye blanketi na kibali mfukoni, tukaenda kwa mzee mmoja fundi wa karakana ya reli. Mimi nilidhani atachukua tupa akisugue kile kinundu. Akacheka. "Ukisugua," akasema, "umepunguza chuma, na ganda litakosa pa kuegemea. Chuma hakikupotea, kimehama tu. Tukirudishe kwao." Akachonga kipini cha chuma kigumu, laini kama kioo, ncha nyembamba na shina pana kidogo, akakipaka mafuta, akakiingiza kwenye chemba akawa anakizungusha na kukisukuma, anakizungusha na kukisukuma, macho yako dirishani kama mtu anayekuna nazi. Dakika ishirini hivi. Akanipa tena kidole changu. Palikuwa laini, ila ukitulia unasikia kovu. Lipo hadi leo. Ukija nitakuonyesha mahali pa kupitisha ukucha.

Reli niliyoifanyia kazi miaka thelathini na minne ilianzia kwenye benchi lile.

Na kile kiraka cha kitako cha bunduki ulichokuwa ukikiita "ramani"? Kitako ni cha mti wa jozi, wa Ulaya. Kilipasuka siku babu alipoanguka nayo akifukuza tumbili kwenye mahindi, na seremala akaziba kwa mninga wa hapa. Jozi imekuwa nyeusi kwa jasho la mikono, mninga umebaki na wekundu wake. Kaka yako alitaka kuupiga msasa wote na kupaka vanishi ing'ae kama kabati. Nilimkuta na msasa mkononi, nikamwuliza kama na uso wangu ataupiga msasa. Watu wanaozijua bunduki za zamani wakikuta ule weusi wa chuma umekwanguliwa, au mbao zimevanishwa upya, hushusha bei hapo hapo. Huo ndio upumbavu wa kipekee: unatoa hela yako, unatoa jasho lako, na kitu kinapungua thamani.

Usidhani pia kwamba kwa kuwa ni ndogo ni ya kuchezea. Kirisasi kile kikienda hewani kinaweza kupita kilomita moja na nusu. Ndiyo maana hukuniona hata siku moja nikilenga kitu kilicho juu ya mti au juu ya jiwe. Kopo lilikaa mbele ya kile kichuguu kikubwa cha shambani, hatua hamsini, na nyuma yake udongo mtupu. Wewe ulikaa nyuma yangu mpaka nifungue komeo na kulivuta nje ndipo ukimbilie maganda. Ulikuwa ukiyapuliza mdomoni, yanalia kama filimbi ya refa. Mama yako akawa anajua tumemaliza kwa filimbi hiyo.

Siku moja haikulia, unakumbuka? Nilifyatua, tak, kimya. Ukataka kusimama, nikakukemea, na ulilia. Sikukueleza. Unga wa ukingoni mara nyingine haukuenea sawa wakati wa kutengenezwa, pini ikaangukia mahali pakavu. Lakini mara nyingine unawaka kwa kuchelewa. Kwa hiyo mtutu ubaki kwenye kichuguu, uhesabu polepole hadi sitini, ndipo ufungue. Risasi ile niliigeuza upande, nikaijaribu tena, ikalia. Kopo nililikosa kwa sababu yako, ulikuwa bado unalia.

Kuitunza hakuna ugumu. Kichwa cha risasi hizi kimepakwa mafuta mazito kama nta, ukizitia mfukoni zinazoa mchanga, na mchanga ule unakwenda kuchubua mtutu. Ziache kwenye boksi lake. Komeo linatoka lote nyuma, kwa hiyo fimbo ya kusafishia unaiingiza kutoka nyuma kwenda mbele, usiukwangue mdomo wa mtutu, maana pale ndipo risasi inapoagana na bunduki na mkwaruzo mdogo unaipotosha. Wakati wa masika kagua kila wiki. Kutu haisubiri.

Kuwinda nayo mimi nimeacha. Hata kanga sasa anataka kibali, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Zamani walikuwa wakivuka barabara ya Kipalapala kwa makundi, leo nikiona watatu nasimamisha baiskeli. Naishika mara moja kwa mwezi, naifungua juu ya gazeti mezani, naifuta, naifunga. Mama yako anasema nimeoa wake wawili.

Ninalokuomba ni hili. Bunduki hairithiwi kama shamba. Siku nikiondoka itakwenda kituoni, na anayeitaka itabidi aombe leseni kwa jina lake mwenyewe, achunguzwe, afunzwe. Kaka yako anapenda mlio wake. Wewe ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliifungua cherehani ya mama yako, ukapanga skrubu na springi zake juu ya kanga kwa mstari, ukairudisha, na ikashona. Ndiyo maana naandika kwako. Ukitaka, tuanze safari ya makaratasi mimi nikiwa hai nikusindikize. Kama hutaki, sitanuna. Tutaipeleka kituoni wote wawili, tupewe karatasi yetu, turudi kunywa chai. Kuuza kimya kimya hapana.

Lakini ukatae ukiwa umeishika. Desemba ukipata likizo njoo kwa treni. Niletee mafuta ya cherehani, chupa mbili, yale masafi. Ya dukani hapa yananuka taa. Komeo nimelihamisha lilipokuwa. Lilipo nitakuambia ukifika, barua hupita mikono mingi.

Ni mimi,
Baba yako